Huyu Mhindi wa Makadara naye aandikiwe hadithi

Mhariri, salamu. Mimi si mtu wa kuandika barua magazetini, kazi yangu ni mahamri na mbaazi asubuhi, jioni viazi karai, lakini wiki iliyopita kuna msomaji wenu alisema ati wazazi tuwazuie watoto kusoma vitabu vya hadithi vyenye miungu ya Kihindu, ati vinawapotosha, nkasema hapana, hii siwezi kuiwacha ipite, kwa sababu kitabu kama hicho kiko nyumbani kwangu tangu mwezi jana na kishasomwa mpaka jalada limebanduka.

Kilikuja na mwanangu. Ana miaka kumi, anakaa dawati moja na mtoto wa Kihindi wa hapa hapa mtaani kwetu, na ndiye aliyemuazima. Kinaitwa Aru Shah and the End of Time, kimeandikwa na Roshani Chokshi, mwandishi wa Marekani ambaye upande mmoja asili yake ni Uhindi na upande wa pili Ufilipino, kilitoka 2018 na baada yake vikaja vingine vinne. Kizungu kitupu, basi tunakisoma pamoja, yeye anasoma kwa sauti mimi nasukuma unga, neno likitushinda twalirukia mbele. Kuna msichana wa miaka 12 anaitwa Aru, anakaa na mamake kwenye jumba la makumbusho huko Atlanta, wenzake wa shule ni watoto wa pesa, kila likizo safari, na yeye ili asionekane mnyonge anatunga uongo wa safari zake, mpaka siku wanamjia nyumbani wanamkuta na pijama ya Spider-Man mchana kweupe. Sasa kwa kutaka kuwaonyesha yeye si muongo anawasha taa aliyokatazwa na mamake asiiguse, dunia ikasimama tuli, mamake akaganda pale pale kama sanamu, na lililofungiwa mle ndani likatoka. Kumbe Aru ana roho ya mmoja wa wale ndugu watano, Pandava, wa kwenye Mahabharata, ule utenzi wa kale wa Wahindu wa beti laki moja (na hilo neno laki tulilitoa wapi kama si kwao?). Na wa kumuongoza ni njiwa. Njiwa, Mhariri! Mwanangu alicheka mpaka chai ikamwagikia unga.

Kuhusu dini sitasema mengi. Mwanangu yuko madrasa kila jioni na hajaanza kuabudu njiwa. Alfu Lela Ulela imejaa majini na tulilelewa nayo, na visa vya miungu ya Wagiriki watoto wanavisoma na sijamsikia mtu akilalamika.

Lakini kilichonikalisha kitako hata nkaandika si hicho. Ni kitu kilichotokea darasani. Siku hiyo wanasoma methali, mwalimu akaandika ubaoni "Baniani mbaya kiatu chake dawa", na darasa zima, mwanangu anasema, watoto arubaini na kitu, wakageuza shingo kwa pamoja kumwangalia yule mtoto. Akauliza, "Mwalimu, Baniani ndiyo mimi?" Mwalimu akababaika, akasema ni zamani, ni usemi tu. Yule mtoto akaangalia miguu yake akasema, "Hata hiki kiatu si changu, ni cha Bata." Darasa likavunjika mbavu. Mwanangu aliponihadithia nami nilicheka, halafu usiku nikiwa nimelala likanirudia, kwamba mtoto wa miaka kumi ashajua kwamba wakikuangalia hivyo inabidi uwachekeshe upesi. Aru anadanganya, huyu anachekesha, ugonjwa ni ule ule.

Ila tofauti iko. Aru ni mtoto wa Kihindi wa Marekani, yeye anavutwa na nchi mbili. Huyu wetu anavutwa na nini? Babu wa babu yake alikuja na reli, ile iliyoanzia hapa Mombasa 1896 ikafika Kisumu 1901, vibarua kama elfu 32 waliletwa kutoka Uhindi, wengi walirudi, elfu sita na mia saba hivi ndio waliobaki. Mwaka 2017 serikali ikawatangaza kabila la 44 la Kenya. Yeye ukimuuliza kwenu wapi anakwambia Makadara, na Kiswahili chake ni cha Mvita safi, anasema "nshakula" kama mimi, na nyumbani akimwita bibi yake ni "ba". Yupo mtu kibandani kwangu aliwahi kumwambia arudi kwao, mtoto akavuka barabara akaingia kwao. Sasa huyo ndiye nimtakaye kwenye kitabu, na kitabu chenyewe cha Kiswahili, si kile cha Atlanta ambacho hata mimi mamake mwenzake nakisoma kwa kurukaruka.

Na stori zinaoana, hilo ndilo lililonishangaza. Mwanangu alimpa mwenzake kisa cha Fumo Liongo, kwamba mkuki haumuingii wala mshale, hafi mpaka adungwe sindano ya shaba ya kitovu, na aliyemdunga ni mwanawe mwenyewe, na watu wakaogopa kwenda kisimani siku nyingi kwa sababu alikufa amepiga magoti na upinde mkononi wakidhani angali hai. Yule naye akasema haa, na sisi tunaye! Kesho yake akaja na kisa alichopewa na ba: Duryodhana, adui wa wale Pandava, mamake alijifunga kitambaa machoni tangu aolewe kwa sababu mumewe ni kipofu, siku akakifungua amtazame mwanawe uchi ili mwili wote uwe chuma, mwana akaona haya akajistiri kiunoni, basi pale pa mapaja pakabaki nyama tupu, na Bhima, mmoja wa wale ndugu watano, akampiga rungu papo hapo. Nliwacha mahamri yakaungua nikisikiliza. Mmoja kitovu, mmoja paja, na wote wawili siri yao imepitia kwa jamaa zao.

Sasa ombi langu, Mhariri. Nyie mna kurasa za mpira, mna kurasa za siasa ambazo mimi nafungia mahamri (samahani lakini ndivyo). Toeni nusu ukurasa Jumapili, hadithi ya watoto ya kuendelea, wiki hadi wiki, iandikwe na watu wa hapa, Waswahili, Wahindi, Wamijikenda, yeyote mwenye bibi anayehadithia. Msingoje mpaka Marekani watuandikie na Likoni.

Mfano mnao tayari, hawa wawili washaanza yao kwenye daftari la hesabu. Kuna rakshasa, yaani zimwi la Kihindi, anaishi chini ya feri anakula simu za abiria. Wamefika ukurasa wa nne wamekwama, hawajaelewana wamuue vipi, mmoja anataka sindano ya shaba, mwingine hataki kusikia ila rungu la paja.

Mama wa mahamri,
Makadara, Mombasa