Kibao cha mjukuu wangu ninacho, na sikirudishi

Mhariri,

Ile taarifa yenu ya ukurasa wa elimu, yenye picha ya mtoto aliyekunja uso mbele ya daftari, imeniharibia chai ya asubuhi. Mwandishi wenu alimsikiliza afisa mmoja wa elimu akisema watoto wa Kwale wanaanguka Kiingereza na Kiswahili kwa sababu majumbani wanasemeshwa Chidigo, lugha yetu sisi Wadigo, na kwamba wazazi sharti wabadilike. Hakumuuliza mzazi hata mmoja. Nimelisoma gazeti hili miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari, nikijiambia wenye kuandika barua ni watu wasio na shamba. Basi leo shamba lingoje.

Mjue kwanza anayeandika. Nimefundisha Kiswahili shule za msingi miaka 31. Kimenilisha, kimenisomeshea watoto, sina ugomvi nacho. Wala simnyimi mtoto Kiingereza. Akitaka kwenda Nairobi au Uingereza na aende nacho.

Muhula uliopita mjukuu wangu, yuko Gredi ya 2, alirudi nyumbani na kibao shingoni. Kipande cha mbao ukubwa wa kiganja, kimetobolewa juu na kutiwa kamba ya katani, ile inayowasha mtu akitoka jasho. Kimeandikwa maneno matatu ya Kiingereza kwa wino mzito, na moja limekosewa herufi. Mtoto mwenyewe hajui kukisoma. Anachojua ni kwamba ukikivaa unamvizia mwenzako ateleze ulimi kwa Chidigo ili umvike yeye, na atakayelala nacho ndiye atakayeosha choo kesho. Yeye aliteleza kwenye foleni ya mfereji. Alisema "madzi". Hakutukana, hakuiba. Alikuwa na kiu akasema madzi, kama alivyosema mama yake na mama wa mama yake. "Tsawe," yaani babu, akaniambia, "kesho nitasema maji." Nikaona haya mimi.

Asubuhi yake nikamshika mkono tukaenda. Mwalimu wa darasa ni kijana mpole, alinipokea vizuri, akaniletea kiti. "Mzee, si tunawasaidia? Hicho Kidigo si Kiswahili tu kilichoharibika? Tukikiacha kitawaharibia insha." Hapo ndipo damu ilipopanda, Mhariri. Kilichoharibika! Mbiri si mbili iliyooza, wala tsano si tano iliyotafunwa. Kiswahili na Chidigo ni ndugu waliozaliwa nyumba moja, na ndugu mmoja akitajirika haimaanishi mwingine ni nakala yake mbovu. Tuna sauti yetu ya ph, ile ya kuikaribisha midomo miwili ukapitisha pumzi bila kuigusanisha, kama mtu anayepoza uji. Kiswahili hakina sauti hiyo, na mwalimu mgeni akiisikia huandika p au v apate kulala. Marehemu mama yangu saba aliiita fungahe na tisa chenda. Wajukuu zangu wakifika tano wanarukia Kiswahili, na hakuna anayeshtuka, kwa kuwa maneno yanafanana mlango wenyewe hatuuoni unavyofungwa. Mluo akiacha Kiluo akasema Kiswahili, kijiji kizima kitajua. Mdigo akiacha Chidigo anasifiwa kwa kusema sanifu! Eti hakina vitabu. Kamusi ya Chidigo, yenye Kiingereza na Kiswahili ndani yake, ilitoka mwaka 2004. Niliuliza kama shule inayo. Mwalimu akaniuliza kama ninayo nimwazime.

Nikamwomba anionyeshe ratiba. Somo la lugha ya kiasili lipo, limeandikwa kwa rangi ya kijani, maana mtaala wa umilisi unalitaka kuanzia Gredi ya 1 hadi ya 3. Kipindi chenyewe kinaliwa na hesabu. Tume ya elimu ya Gachathi ilisema tangu 1976 kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaiagiza serikali ikuze na kulinda lugha za wananchi, na cha 44 kinampa kila mtu haki ya kutumia lugha aipendayo. Viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka 2001. Sasa kibao kinachomkabidhi mtoto wa miaka saba ufagio wa choo kimo katika sheria ipi? Niliuliza hivyo, kwa sauti ambayo hata darasa la jirani lilisikia.

Kijana akanitazama, akatabasamu. "Lakini Mwalimu, si wewe ndiye uliyetuvisha?"

Nilimfundisha mimi. Darasa la tano. Nakumbuka alipokuwa akikaa, karibu na dirisha, na nakumbuka kwamba hakuna mtoto wa mwaka ule aliyekivaa kibao changu mara nyingi kama yeye. Changu kilikuwa cha bati la kopo la rangi, nimekikunja kingo zisimkate mtu, nikajiona nina huruma. Nilikirithi kwa mwalimu mkuu, naye alikikuta shuleni. Na siku moja, Mungu anisamehe, niliwaandikisha wanafunzi insha ya "mwacha asili ni mtumwa" huku kile kibao kikining'inia kwenye msumari nyuma ya mgongo wangu. Nikawasahihisha kwa wino mwekundu. Kila "madzi" nikaizungushia duara.

Kwa hiyo simlaumu yule kijana. Namlaumu afisa wenu, ambaye kwa cheo chake alipaswa kujua zaidi ya alivyojua mwalimu wa kijijini zamani, na ninyi mliompa nusu ukurasa.

Tena hili la "Mijikenda", jina la jumla la jamii tisa za pwani, Wadigo tukiwamo. Kila tukidai chetu tunaambiwa Wamijikenda ni wamoja, mbona mnajigawa. Hizo redio zinazojiita za Kimijikenda mimi nazisikiliza, na saa nyingi nasikia Kigiriama. Sina neno na Wagiriama, mke wangu ni wa huko, na nyumbani kwangu lugha zote mbili zinagombana vizuri tu. Lakini hakuna lugha iitwayo Kimijikenda. Kuna tisa. Anayemwambia Mdigo asome Kigiriama kama lugha yake ya kiasili amebadilisha kibao tu, kamba ni ile ile. Na kabla hatujajifanya wanyonge peke yetu, nendeni Wasini na Vanga mkasikilize Kivumba, au Funzi mkasikilize Kichifundi. Hao ni Waswahili, lugha yao ni Kiswahili chenye umri mkubwa kuliko shule zote za kaunti hii, na watoto wao nao wanazungushiwa duara jekundu kwa kusema kama babu zao. Kila tarehe 7 Julai tunavaa kanzu na leso kusherehekea Siku ya Kiswahili Duniani, na mimi hualikwa nisome shairi. Sijawahi kumsikia Mvumba akiitwa jukwaani.

Dada yangu ameolewa ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, upande wa Tanga, Tanzania. Wajukuu zake hawavishwi kibao. Shule yao ni Kiswahili tangu siku ya kwanza, na Chidigo hakitajwi kwa wema wala kwa ubaya. Wakija sikukuu wanacheka na wangu vizuri, kwa Kiswahili, na sisi wazee tunakaa ukumbini tukizungumza lugha ambayo watoto wakipita wanadhani tunaficha siri.

Halafu jioni mtu aende hoteli za Diani. Atakuta vijana wetu wamefungwa vikoi, wanacheza sengenya, ngoma yetu ya Kidigo, kwa wageni wanaokula. Nilipelekwa na mwanangu anayefanya kazi jikoni huko. Kijana anayeongoza aliimba beti nne, mbili ameziharibu, nikamngoja nyuma ya jukwaa nimuulize ubeti wa tatu una maana gani. "Mzee, hiyo tunaimba tu." Sauti nzuri kweli. Analipwa kwa lugha ambayo shuleni angeoshea choo, na hajui anachokisema.

Mnapenda barua iwe na mapendekezo. Yangu ni haya. Kibao kisifutwe, kihamishwe. Kitundikwe chumba cha walimu, na mwalimu atakayesengenya wenzake kwa Chidigo saa ya chai akivae mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Naapa kwa wiki moja hapatabaki shingo tupu. Afisa wenu naye avishwe matangani, maana nimemsikia akiwapa pole wafiwa kwa Chidigo kilichonyooka, hata nikamwonea wivu. Na mwandishi wenu, kabla hajaja tena Kwale na kalamu yake, asimame mbele yenu hapo chumba cha habari ahesabu kwa Chidigo, mwenga mpaka kumi, bila kuchungulia karatasi. Akikwama kwenye sita, mpeni maji.

Shule imeniletea ujumbe mara mbili kwamba kibao ni mali yake. Nimekitia kuwa kitasa cha banda la kuku, na kamba ya katani imefaa sana kufungia mbuzi. Anayekitaka aje jioni, nipo. Ila ajue mlangoni kwangu kinaombwa kwa Chidigo, na yale maneno matatu anisomee kwanza, pamoja na hilo lililokosewa.

Mwalimu Mstaafu,
Msambweni, Kwale