Kosa la jina katika hati ya kutoka jeshini lisahihishwe mapema

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wenzangu wenye asili ya Afrika Mashariki na Kongo waliotumikia jeshi la Marekani, pamoja na jamaa zao walioko nyumbani, kuhusu makosa ya majina na tarehe za kuzaliwa yaliyobaki katika hati zao za kumaliza utumishi. Wapo walioingia jeshini baada ya kupata ukaazi kwa bahati nasibu ya viza, wapo waliofika huku wakiwa wakimbizi, na wapo waliosajiliwa kupitia mpango wa MAVNI, ulioanzishwa mwishoni mwa 2008 na kusimamishwa 2016, ambao uliwapokea wageni wanaojua lugha zilizohitajiwa na jeshi, Kiswahili kikiwamo.

Hati ninayoizungumzia ni Fomu DD 214. Ndiyo inayodaiwa mtu anapotafuta mkopo wa nyumba wenye dhamana ya serikali, anapoomba matibabu au fidia ya ulemavu, na hata jamaa zake wanapoomba jiwe la kaburi analostahili kupewa. Kisanduku cha kwanza kinataka jina la ukoo, kisha jina la mtu mwenyewe, kisha jina la kati. Cha tano kinataka tarehe ya kuzaliwa, mwaka ukitangulia. Visanduku hivyo viwili ndivyo vinavyotutesa. Nimeona hati ya kijana mmoja ambaye cheti chake cha kuzaliwa kinasema 3/7, yaani tarehe tatu Julai, lakini kwa kuwa Wamarekani hutanguliza mwezi, jeshini aliingia na kutoka akiwa amezaliwa tarehe saba Machi. Aliitia saini hati hiyo siku ya kuagwa bila kuisoma, kwa haraka ya kurudi nyumbani, na sidhani yuko peke yake.

Kwenye majina inabidi tutenganishe kosa na desturi. Tuseme mtu anaitwa Juma Hamisi Bakari, Hamisi akiwa baba na Bakari akiwa babu. Marekani atakuwa Bwana Bakari, na mwanawe aliyezaliwa Mombasa, ambaye jina lake la mwisho ni Hamisi, ataonekana si wa ukoo wake. Hapo hakuna cha kusahihisha jeshini. Kinachotakiwa ni cheti cha kuzaliwa cha mtoto kinachomtaja baba yake. Lakini kama karani aliandika Juma mahali pa ukoo, au aliacha herufi, au mhusika aliingia na viza yenye herufi FNU (yaani jina la kwanza halijulikani) mahali pa jina la kwanza kwa sababu pasipoti yake ilikuwa na jina moja tu, nazo zikanakiliwa kana kwamba ni jina la mtu, hilo ni kosa, na lina njia yake.

Aliye bado kazini aende kwa karani wa kikosi chake kabla ya kutia saini, akiwa na cheti cha kuzaliwa na pasipoti. Aliyekwisha kutoka aliandikie tawi la jeshi alilotumikia na kuambatanisha nakala za vielelezo vilivyokuwapo wakati wa utumishi. Likikubali, kwa kawaida hati ya awali haifutwi, bali hutolewa Fomu DD 215 inayoonyesha marekebisho, na tangu siku hiyo karatasi hizo mbili zisitenganishwe. Likikataa, kuna bodi ya kusahihisha kumbukumbu za kijeshi, inayoombwa kwa Fomu DD 149. Muda wa kuomba ni miaka 3 tangu kosa lilipogunduliwa, ingawa bodi inaweza kuusamehe ikiona haki inataka hivyo, na sheria inataka maombi yaliyo mengi yaamuliwe ndani ya miezi 10. Hiyo ni miezi mingi kwa mtu aliyekwisha kulipia arubuni ya nyumba.

Wengi hukataliwa kwa sababu wanachoomba si kusahihisha kosa bali kupata jina jipya. Mwanamke aliyeolewa baada ya kutoka jeshini, au mtu aliyebadili jina mahakamani miaka mitano baadaye, ataambiwa kwamba kumbukumbu zinaonyesha alivyoitwa alipotumikia, na kwa maoni yangu jibu hilo ni la haki. Huyo aambatanishe cheti cha ndoa au amri ya mahakama kila anapoitoa hati yake, kisha aiarifu idara ya wanajeshi wa zamani kivyake, maana daftari la jeshi na la idara hiyo ni mawili tofauti.

Kwa ndugu zetu wakimbizi waliopangiwa kambini kwamba walizaliwa tarehe 1 Januari, jambo ni zito zaidi. Mtu akishaapa uraia kwa tarehe hiyo, idara ya uhamiaji haiibadilishi kwa urahisi kwenye cheti cha uraia, nalo jeshi likiona cheti hicho halina sababu ya kuandika tofauti. Anayetaka kuirekebisha aanze kabla ya kuapa, si baada ya kutoka jeshini.

Niongeze, kwa kuwa nimesikia yanayosemwa kuhusu malipo katika harusi na misiba yetu, kwamba fomu zote hizi za jeshi hazina ada, na vyama vya wanajeshi wa zamani husaidia kuzijaza bure. Anayekutoza mamia ya dola kwa kazi hiyo anakuuzia karatasi ya bure.

Mwisho ni wajane na watoto. Askari akifariki kabla ya kosa kurekebishwa, mke, mume au mrithi anaruhusiwa kuomba kwa Fomu DD 149 ile ile, akionyesha cheti cha kifo na uthibitisho wa uhusiano. Tatizo ni kwamba mjane aliyeko Tanga au Bukavu mara nyingi hana hata nakala ya pasipoti ambayo marehemu aliingilia Marekani. Nakala hiyo, cheti cha kuzaliwa, mkataba wa kuingia jeshini na DD 214 yenyewe ziwekwe pamoja, na seti moja iwe mikononi mwake tangu sasa.

Wako,
Msomaji,
Minneapolis, Minnesota