Supu ya Jumamosi: albóndigas

Habari zenu wapendwa. Jumamosi tunapika sopa de albóndigas, supu ya Meksiko ya madonge ya nyama. Kila mmoja aandae nyama ya kusaga nusu kilo, mchele robo kikombe, yai, nyanya, karoti, viazi na mumunye. Tafadhali msisahau majani ya nanaa. Hayo ndiyo yanayoipa supu hii harufu yake, mimi bila nanaa siipiki kabisa. Mchele uchanganywe mbichi, utaivia humo humo ndani ya nyama na madonge yatakuwa laini. Mchuzi wa nyanya uwe unachemka taratibu mnapoyatumbukiza. Ukitokota kwa nguvu yatapasuka. Dakika 10 za mwanzo msikoroge. Ndimu na giligilani tutaziweka mezani.