Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama, Lubumbashi

Wapendwa wanachama,

Mikutano tulifanya 5, vilio vya misiba tulisaidia 3, salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha, ya sokoni tulimaliza, hayo mnayajua.

Niongee ile franka 380,000, sababu mpaka leo watu wananung'unika eti mwenyekiti alikula pesa ya viti vya kukodisha. Viti tulikubaliana kweli, na mimi niliunga mkono. Lakini pesa ililipa ukumbi, picha na mafuta ya jenereta ili wanafunzi wa Katuba waelezewe kazi ya Dokta Victor Kande, mganga Mkongomani aliyeongoza majaribio ya fexinidazole, dawa ya ugonjwa wa usingizi. Fakture zote ziko kwa mweka hazina, mwenye mashaka aende aangalie.

Mimi nilikuwa muuguzi Bandundu. Mgonjwa ugonjwa ukishafika kwenye ubongo tulimchoma melarsoprol, dawa ya arseniki, na sindano ilikuwa ya kioo maana ile dawa inaharibu plastiki, mimi nashika mkono, yeye anauma shuka, anasema moto unapanda kwenye mshipa, na kwa wagonjwa 20 karibu 1 aliuawa na dawa yenyewe. Baadaye ikaja dawa ya serumu, ya kutiririshwa mshipani, mara 14 kwa siku 7, pamoja na vidonge, afadhali, lakini katoni zote zile za serumu utazifikisha namna gani kijijini na mtumbwi? Dokta Kande na wenzake walianza 2012, wagonjwa 394 wa Kongo na Afrika ya Kati, wakaonyesha vidonge peke yake, vya siku 10, vinaponya, na Desemba 2018 nchi yetu ikaipitisha hiyo dawa. Watoto wetu wanataja wachezaji wote wa Mazembe, huyu mganga hawamjui! Siku ile msichana mmoja alibaki mpaka jenereta ikazimwa, anauliza asomee nini ili afanye kazi ya namna hiyo. Kwangu mimi ile pesa ilifanya kazi.

Mnasema sikuita komite. Niliita mara 2, alikuja katibu peke yake, na ukumbi ulitaka kulipwa siku hiyo hiyo.

Tuko wanachama 46, waliomaliza kulipa kotizasio, yaani mchango wa chama, ni 17, mkutano wa Novemba walikuja 9, na wanaolalamika si hao 9. Inaniuma, sababu niliacha hata kazi zangu kwa ajili ya chama hiki.

Mwaka huu Mungu akipenda viti tutanunua, na wanafunzi tutawapeleka waone laboratwari, tukipata usafiri. Wenye deni wamwone mweka hazina kabla ya mkutano wa Machi.

Mwenyekiti wenu