Barua kwa wanangu watunzi: acheni kuficha kazi zenu za mchana

Wanangu mnaoandika muziki wa okestra na kwaya, salaam sana. Nimewasikia tena mkisema kwamba mtunzi mwenye kazi nyingine ya kumlisha kashindwa, na baadhi yenu mmeanza kuificha hiyo kazi kama vile mnaiba. Jamani! Hebu tulieni niwasimulie mtunzi Philip Glass, maana naona mnamjua kwa muziki wa filamu tu, mnadhani alizaliwa na jina kubwa.

Kazaliwa Baltimore, Marekani, mwaka 1937, baba yake alikuwa na duka la rekodi. Zile zilizokosa wanunuzi mzee alikuwa anazibeba nyumbani azisikilize ajue zina shida gani, na kwa kusikiliza hivyo akaishia kuzipenda, za watunzi kina Bartók na Shostakovich hao, kwa hiyo mtoto kakulia kwenye muziki uliododa dukani. Akasoma Chicago, akasoma Juilliard, chuo cha muziki cha New York, halafu 1964 akaenda Paris kwa mwalimu wa utunzi Nadia Boulanger, na yule mama akamrudisha chini kabisa kwenye harmonia (kupanga sauti zinazolia pamoja) na kontrapunti (kusuka melodia kadhaa kwa wakati mmoja) kama anayeanza leo. Kijana mzima mwenye shahada, na akakubali. Nyie nikiwaambia mrudie zoezi la sauti nne mnanuna.

1967 karudi New York na hapa ndo nataka mnisikilize vizuri. Muziki wake ule wa vipande vifupi vinavyojirudia na kubadilika kidogo kidogo hakuna aliyekuwa tayari kuulipia, wengi waliuponda waziwazi, yeye na wenzake wakawa wanapiga kwenye majumba ya sanaa na vyumba vikubwa vya wasanii mtaani. Basi akabeba mizigo ya watu wanaohama nyumba, na mtunzi mwenzake Steve Reich naye alikuwemo kwenye hicho kibiashara, akawa fundi bomba, akaendesha teksi. Kuna siku alikuwa jikoni kwa mtu anafunga mashine ya kuoshea vyombo, mara mwenye nyumba katokea, kumbe ni Robert Hughes, mkosoaji wa sanaa wa jarida la Time. Hughes akashangaa, wewe si Philip Glass, unafanya nini hapa? Akajibiwa kwamba kama anavyoona anafunga mashine na anakaribia kumaliza. Haiwezekani, wewe ni msanii! Glass akamwambia ni kweli ni msanii ila saa nyingine ni fundi bomba pia, kwa hiyo aondoke amwache amalize kazi. Hakujieleza zaidi ya hapo wala hakuona aibu, na mimi jibu hilo nalipenda kuliko simfoni zake kadhaa.

Mwezi wa 11 mwaka 1976 opera aliyofanya na mwongozaji wa jukwaa Robert Wilson, Einstein on the Beach, ya karibu saa 5 bila mapumziko, ikajaza Metropolitan Opera, jumba kubwa la opera la New York, mara 2. Watu wamejaa lakini ile kazi nzima ikaacha deni kubwa, na mtunzi wetu akarudi kwenye usukani wa teksi akiwa na miaka 39. Ilibidi Waholanzi wamwagize opera nyingine, Satyagraha, inayohusu Gandhi alipokuwa Afrika Kusini, ambayo ilipigwa mara ya kwanza Rotterdam 1980, ndo akaanza kula kwa muziki peke yake, tayari kashavuka 40.

Ila msije mkaishia kwenye hadithi ya shida tu, hiyo ni nusu. Angalieni alichokuwa anakilinda muda wote huo. Kazi alizochagua zilimpa hela bila kumwambia aandike muziki wa aina gani, teksi haina maoni kuhusu harmonia yako. Na nota zake alizishikilia, hakuwapa wengine wazipige, alikuwa na kundi lake mwenyewe, aliyetaka kuusikia ule muziki ilibidi alikodi kundi, kwa hiyo yeye na wapigaji wenzake wanapata chochote. Baadaye akawa na kampuni yake ya kuchapisha, Dunvagen. Halafu mtu ananiambia anaona aibu kufanya kazi dukani, ila haoni aibu kuuza haki zote za muziki wake milele kwa hela ya mara moja! Hapo kwa kweli mnaniumiza, kwa sababu ile ya duka inaisha jioni na unarudi nyumbani na muziki wako.

Nakubali mtu akichoka anachoka, usiku hauandiki kurasa 10. Andika hata mistari minne, kesho iko palepale.

Na yule mwenye mkataba wa filamu mezani, naomba usisaini bado. Uje nao, tuangalie kwanza kile kipengele cha haki kabla hujaangalia bei, na kama hawataki kukibadilisha tuandike barua ya kukataa mimi na wewe.