Shukrani kwa mama wa mihogo, Ujiji

Mama unayekaanga mihogo nje ya uzio wa shule, hapa Ujiji: jina lako sikulipata, ndiyo maana naandika hapa.

Saa nne kengele ikigongwa uwanja mzima huchanganyika. Wa rede huku, wa mpira kule, na msimu huu wa maembe wengine wako juu ya miti. Mwalimu wa zamu ni mmoja, hana macho kisogoni.

Mwanangu alipodondoka mwembeni, uliacha karai jikoni ukaruka uzio (na kitenge chako, sijui uliwezaje!). Wenzake walitaka kumvuta mkono eti urudi, ukawakemea. Ukaulaza juu ya rula, ukaufunga kwa kanga yako, ukamtuma mtoto akamwite mwalimu. Kisha ukakaa naye, mnahesabu mbuzi wanaopita, mpaka bajaji ikafika. Hospitali walisema mfupa umevunjika kweli, ila aliyeufunga alijua anachofanya.

Ahsante sana, mama. Dogo ana hogo (plasta ngumu) mkononi, mdomo haujafungwa: anasimulia habari zako mtaa mzima. Kanga nitaileta mwenyewe Jumatatu, na hela ya mihogo iliyoungua siku ile tafadhali usiikatae.