Kuhusu ile viza yako ya Ujerumani

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu nyingi, na hongera tena kwa kuitwa mama mkubwa. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote hadi mwisho. Habari za mtoto aliyezaliwa na mdogo wako huko Hamburg zimenifurahisha. Habari za viza ya kwenda kuwaona zimenitia wasiwasi, maana kila uliyemuuliza amekupa dawa yake. Mmoja anasema ukope hela ujaze akaunti. Mwingine anasema uombe kwa Waholanzi, eti hao hawana maneno mengi. Halafu kuna yule kishoka anayetaka umlipe akuandalie "faili zima". Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, ili uwe na kitu cha kurudia siku utakapokaa kujaza fomu.

Nianze na hela, kwa kuwa najua ndiyo inayokunyima usingizi. Usikope. Afisa wa viza hatazami salio la mwisho peke yake, anatazama miezi iliyopita: hela inaingiaje, inatokaje, inabaki kiasi gani. Akaunti ya fundi cherehani kama wewe ina sura yake. Msimu wa harusi inanenepa, baadaye inasinyaa, kodi ya fremu inakatwa, vitambaa vinanunuliwa. Hiyo ni akaunti ya mtu anayefanya kazi, na mtu aliyezoea kusoma akaunti anaitambua. Sasa ukiitumbukizia rundo la hela siku chache kabla ya miadi, swali la kwanza litakuwa: hizi za nani? Na wewe hutakuwepo kulijibu. Kama kuna hela kubwa iliyoingia kihalali, mfano ile tenda ya sare uliyolipwa kwa mkupuo, ambatanisha mkataba wake na risiti, mambo yaishe.

Hilo la kutokuwepo ndilo watu wengi hawalitilii maanani. Wanadhani siku ya miadi ndiyo siku ya kujieleza, wanavaa vizuri, wanajiandaa kwa maswali. Kumbe mara nyingi unayemkuta dirishani ni mpokeaji tu: anahesabu karatasi, anachukua alama za vidole, anapokea ada, anakuaga. Anayeamua yuko ubalozini, na atakufahamu kupitia bahasha. Kwa hiyo ukimaliza kupanga karatasi zako, zisome kama mtu asiyekujua kabisa. Je, zinasimulia habari moja? Tarehe za likizo uliyojipa, za buking ya ndege, za bima na za barua ya mwaliko zinafanana? Jina la mdogo wako limeandikwa vilevile kila mahali, au huku lipo la ukoo na kule la mume?

Sasa tuje kwa huyo mdogo wako. Ulisema, "Yeye ndiye anayenialika na atagharamia kila kitu, basi mimi nina shida gani?" Shida ipo, mwenzangu. Kuna tamko rasmi analopaswa kutia sahihi katika ofisi ya wageni ya huko anakoishi. Wajerumani wanaliita Verpflichtungserklärung. Usihangaike kulitamka, mtumie neno lenyewe atajua aende wapi. Ada yake ni euro 29, anapeleka uthibitisho wa kipato chake, na anapewa karatasi ambayo lazima ikufikie wewe ile yenyewe, nakala haifai. Na mwambie mumewe naye aisome vizuri kabla, kwa sababu si karatasi ya heshima. Chakula, malazi na matibabu yako vikiishia kulipwa na serikali, bili inamfuata aliyesaini.

Lakini hata akisaini, tamko hilo linajibu swali moja tu: nani atakulisha ukiwa huko. Swali zito zaidi ni lile la kurudi, na hilo mdogo wako hawezi kukujibia. Tena kuwa na ndugu wa damu kule kunakata pande mbili. Kunaeleza kwa nini unakwenda, na papo hapo kunampa afisa sababu ya kujiuliza kwa nini usibaki. Usichukie. Sheria yao inamtaka apime kama atakayepewa viza ataondoka kabla haijaisha. Kazi yako ni kumwonyesha kitu kinachokuvuta nyumbani.

Na vitu hivyo unavyo, ila hujavihesabu. Wewe huna mwajiri wa kukuandikia barua ya ruhusa, kwa hiyo biashara yako ndiyo mwajiri wako. Weka leseni, karatasi za kodi, mkataba wa pango la fremu. Weka zile oda ulizokwisha kupokea malipo ya awali ambazo wateja wanazitarajia baada ya wewe kurudi. Kwa maoni yangu hizo zina nguvu kuliko salio lolote. Weka vyeti vya kuzaliwa vya wanao na barua ya shule yao. Kisha andika barua yako ya maelezo, ukurasa mmoja unatosha: wewe ni nani, unakwenda kwa nani, kwa siku ngapi, nani atasimamia cherehani ukiwa haupo, na lini unafungua tena. Usilie humo ndani. Nimewahi kusoma barua za watu wanaomsihi balozi kama wanaomba msamaha, na sijui nani aliwafundisha. Andika kama unavyomweleza mteja gauni lake litakuwa tayari lini.

Kuhusu siku, hapa tutagombana kidogo. Unataka kuomba 90 zote kwa sababu sheria inaruhusu. Ni kweli viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani ya nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, inaruhusu hadi siku 90 ndani ya siku zozote 180. Lakini fundi mwenye fremu, wateja na watoto wa shule anayeondoka miezi mitatu mizima anapingana na barua yake mwenyewe. Omba wiki tatu au nne. Na kuna jambo jingine ambalo inabidi mlizungumze ninyi wawili kwa uwazi. Kumtembelea mdogo wako, kumbeba mtoto, kumpikia mzazi, huko ni kutembelea. Kama mpango wa kweli ni ukae ili yeye arudi kazini, basi hapo afisa ataona yaya, na viza ya matembezi si ya kazi. Jueni mnachoomba kabla ya kukiandika.

Habari ya Waholanzi isahau. Nchi za Schengen ni 29, na stika ya viza ya mojawapo inakutembeza kote, hilo ndilo linalowadanganya watu. Kanuni ni kwamba unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi; zikilingana ndipo inahesabiwa utakayoingia kwanza. Mdogo wako yuko Hamburg, mtoto yuko Hamburg, tamko limesainiwa Hamburg. Ukipeleka maombi kwa Waholanzi unajitafutia swali jipya bila sababu. Paris nenda ukitaka, siku mbili tatu, ila uziandike kwenye ratiba yako na ziwe chache kuliko za Ujerumani.

Kishoka naye mwachie wengine. Najua anajua kujaza fomu, lakini fomu ya Ujerumani inajazwa mtandaoni, unaichapa na kuitia sahihi, na hakuna swali humo ambalo wewe hujui jibu lake. Kinachonitisha ni zile "barua za kuongezea uzito" anazozungumzia. Karatasi ya uongo ikigundulika, jina linalochafuka ni lako, yeye haandikwi popote. Maombi yako, picha yako na vidole vyako vinaingia kwenye mfumo mmoja unaosomwa na nchi zote za Schengen, kwa hiyo huwezi kukataliwa Ujerumani leo ukajifanya mgeni Italia kesho. Kwa upande mzuri, vidole vikishachukuliwa, ukiomba tena ndani ya miezi 59 kwa kawaida vinatumika vilevile.

Mengine ni ya kukagua tu. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na iwe hai angalau miezi mitatu baada ya siku utakayotoka kule. Ile yako naona inakaribia kuisha, ianze hiyo kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000, ikubalike nchi zote za Schengen na ifunike siku zote za safari. Tamko la mdogo wako haliifuti bima, wala bima haifuti tamko. Ada ya viza ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukipitia kituo cha kupokelea maombi kuna ada yao ya huduma juu yake. Hairudishwi ukinyimwa. Tiketi usilipie bado, peleka buking.

Muda nao usiuchezee. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini wakitaka kuchunguza zaidi wanaweza kufika 45. Kinachowakwamisha wengi si hizo siku, ni miadi yenyewe: unafungua kalenda unakuta nafasi ya karibu ni mbali mno. Kwa hiyo tafuta tarehe mapema, hata kama tamko la Hamburg bado liko njiani, mradi likufikie kabla ya siku hiyo.

Ukiipata, kabla hujapiga picha na kuirusha kwenye kundi la familia, isome stika. Kuna tarehe za mwanzo na mwisho, na kuna idadi ya siku za kukaa. Ni vitu viwili. Tarehe zinaweza kuwa pana kuliko siku, lakini kinachokubana ni siku, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Tazama pia kama ni ya kuingia mara moja. Ikiwa ni hivyo, ule mzaha wako wa "nitaruka hadi London nimwone binamu" uuache, maana Uingereza haimo Schengen: inahitaji viza yake, na ukitoka mlango wa kurudi Hamburg umejifunga. Uswisi, ajabu, imo, japo si mwanachama wa Umoja wa Ulaya.

Na stika haikuhakikishii kuingia. Askari wa mpakani ana haki ya kukuuliza upya unakwenda kwa nani, kwa siku ngapi na kwa hela gani. Beba nakala za karatasi zote kwenye mkoba wa mkononi, zisiende kwenye sanduku. Tangu 12 Oktoba 2025 wameanza mfumo mpya unaosajili kuingia na kutoka kwa picha na alama za vidole, mahali pa ule mhuri wa zamani, kwa hiyo siku zinahesabiwa na mashine. Mtu aliyezoea kusema "walisahau kunigongea" hana tena pa kujificha.

Na wakikunyima? Sitakuficha, inatokea hata kwa watu wenye kila kitu. Utapewa fomu yenye sababu zilizowekewa alama. Inayowapata wengi ni ile ya shaka kuhusu nia ya kuondoka kabla viza haijaisha; nyingine inasema madhumuni ya safari hayakuthibitishwa. Isome kwa utulivu, maana inakuambia bahasha yako ilipwaya wapi. Zamani ungeweza kuwaandikia Wajerumani barua ya kuwaomba waangalie upya, bure, lakini utaratibu huo waliufuta kuanzia 1 Julai 2025. Zimebaki njia mbili: mahakama ya utawala ya Berlin, ambayo ni ghali na haina haraka, au maombi mapya yenye kitu kipya ndani. Mimi ningechagua ya pili. Ila kurudisha karatasi zilezile wiki inayofuata ukitumaini kupata afisa mwenye moyo laini ni kulipa euro 90 nyingine kwa jibu lilelile.

Basi, fanya hivi. Wiki hii shughulikia pasipoti, na mwambie mdogo wako aombe nafasi ofisi ya wageni. Barua yako ya maelezo ukishaiandika nitumie kwanza, niisome kama mtu nisiyekujua; nitakata maneno, usinune. Na uniambie kile kitambaa cha kitenge unachompelekea mtoto ni cha rangi gani, kwa sababu na mimi nina kifurushi nataka ukibebe, kidogo tu, kwa herufi kubwa: KIDOGO.

Wasalimie wanao, na mama.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.